Mafunzo ya Nyumbani: Sakafu Kati ya Alhamisi na Alhamisi



Katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani yetu, Alhamisi ndiyo siku ya usafi mkubwa. Mikeka hutolewa nje ikaanikwa, vitanda vikasogezwa, maji yakamwagwa, na sakafu ikasuguliwa kwa sabuni hata ikang'aa, ili Ijumaa iikute nyumba imependeza. Desturi hii ni njema sana, nasi hatuna la kuisema kwa ubaya. Neno letu la mwezi huu ni juu ya zile siku sita zinazobaki. Juma lina siku saba, na sala za faradhi ndani yake ni 35. Na nyingi katika hizo, pamoja na sunna zake, husaliwa na watu wa nyumbani juu ya sakafu ile ile. Alhamisi moja haiwezi kuzichukua zote mgongoni mwake.

Yuko mtu aitazamaye sakafu kuwa ni mahali pa kukanyagia tu. Sisi Waislamu twaweka vipaji vya nyuso zetu juu yake. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) ametufahamisha, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya kuwa umma huu umefanyiwa ardhi kuwa ni mahali pa kusujudia na kitu cha kujitwaharishia. Basi ukumbi wako nao ni msikiti wa watu wako, hata kama hauna mnara wala kibla kilichochongwa.

Tutaanza kwa kujisema sisi wenyewe, kwani mwalimu asiyejisema hana haki ya kuwasema wengine.

Mwaka 2022, baada ya mvua za masika, ahali yetu aliteleza kisimani akateguka mguu, na tabibu akamwagiza asiukanyagie kwa muda wa majuma matatu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na sakafu ilikuwa imesuguliwa jana yake. Tulijituliza nafsi tukasema: "Alhamdulillahi, nyumba ni safi, hapana kazi mpaka Alhamisi ijayo." Jumamosi tuliposujudu katika sala ya Alfajiri, mchanga ulitushika kipajini. Jumapili tulikanyaga punje za wali wa jana, zimekauka kama changarawe, na sisimizi wamepanga safu kutoka mlangoni hata chini ya kitanda. Jumatatu mjukuu wetu, mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, alikojoa katikati ya ukumbi. Kijana wetu, ambaye tumemsomesha kwa mikono yetu, akachukua tambara lililolowana, akapangusa, akalichovya katika ndoo, akalikamua, akapangusa tena. Kisha kwa kutaka kutupendeza akaendelea kwa tambara lile lile na ndoo ile ile mpaka akaumaliza ukumbi wote. Mama yake akamwita kutoka kitandani, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, mahali penye najisi palikuwa kadiri ya sahani. Sasa umepafanya kadiri ya ukumbi."

Tuliinama kwa haya. Kwa miaka mingi tumewasomesha watoto wa watu mlango wa najisi katika Safinatun Najaa, nao hukariri aina zake tatu pasipo kusita; na nyumbani mwetu siku ile hapakuwa na mwanamume aliyesimama kulitengeneza jambo dogo kama lile. Tena tulifahamu jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kumbe si Alhamisi iliyokuwa ikiiweka nyumba yetu safi. Ilikuwa ni mikono ya mtu mmoja, kila siku, katika nyakati ambazo sisi tulikuwa tumelala, au tumekwenda msikitini, au tumekaa barazani tukizungumza.

Tulimwomba atuhesabie kazi zake za sakafu. Alicheka kwanza, kwani hakupata kuulizwa. Kisha akatuambia: kufagia mara mbili kwa siku, kukunja supra na kupangusa chini baada ya chakula mara tatu, na kukung'uta jamvi la mlangoni mara moja. Hizo ni kazi sita kwa siku, na kwa siku sita ni kazi 36, ukiacha yanayomwagika na ya watoto. Sisi kwa miaka 30 tulizihesabu kuwa si kitu, kwa sababu tu zilikwisha tendwa kabla hatujaziona.

Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) ya kuwa amali zinazopendeza zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu, zijapokuwa chache. Maneno haya twayasoma sana tunapotaja sala za usiku na sadaka. Lakini hata usafi wa nyumba hufuata njia iyo hiyo. Kazi kubwa ya siku moja hupotea kabla ya siku mbili. Kazi ndogo ya kila siku hubaki. Na sasa, kwa yale tuliyojifunza katika majuma yale matatu, tutaeleza jinsi ya kuishika sakafu baina ya Alhamisi na Alhamisi.

Jambo la kwanza ni mlango. Uchafu mwingi wa sakafu hauzaliwi ndani, huingia kwa miguu. Wazee wetu walilijua hili. Ukiitazama misikiti ya kale ya pwani, utaona kisima na birika karibu na mlango, ili mtu aoshe miguu kabla ya kuukanyaga mkeka. Basi nyumba nayo iwe na mfano wake. Viatu vivuliwe nje ya kizingiti na vipangwe. Pawe na jamvi dogo la usumba nje, la kukwangulia mchanga, na kitambaa kizito ndani, cha kukaushia miguu. Siku za mvua liwekwe kopo la maji na kata yake kando ya mlango. Jamvi hilo likung'utwe kila asubuhi, mbali na nyumba, kwani jamvi lililoshiba mchanga huurudisha mchanga ndani. Na viatu vya chooni, viwe ni mitalawanda ya zamani au kandambili za siku hizi, visivuke mlango wa choo kwa hali yoyote. Mwenye kutoka chooni na viatu vile vile akapita navyo ukumbini, amewabebea wenye kusali jambo wasilolijua.

Jambo la pili ni chakula. Tandikeni supra hata kama mnaokula ni wawili na chakula ni muhogo mkavu. Baada ya kula, supra ikunjwe kuelekea ndani, punje na mifupa ikae katikati, ichukuliwe nje ikakung'utiwe kuku. Kisha palipoliwa papanguswe kwa kitambaa kilicholowana kidogo. Punje moja ya wali si kitu kwa macho ya mtu, walakini ni karamu kwa sisimizi, na wanaokuja baada yao ni mende na panya. Chai yenye sukari au mchuzi ukimwagika, ufutwe pale pale ungali maji. Ukiachwa hata jioni hushika vumbi ukawa gundi, na kazi ya kitambo kidogo huwa kazi ya kupiga magoti na kusugua.

Jambo la tatu ni ufagio. Nyumba yataka fagio mbili: wa chelewa kwa uani, na ufagio laini kwa ndani, wala moja usifanye kazi ya mwenziwe, sembuse ufagio wa choo. Fagia kutoka pembeni kuja mlangoni, polepole, ufagio usirushwe juu, maana vumbi linalorushwa hutua tena juu ya vyombo na vitanda. Kama sakafu ina vumbi jingi, nyunyiza maji kidogo kwanza kwa vidole. Chakula na mitungi ifunikwe kabla ya kuanza. Inua mkeka, usifagie kuuzunguka. Mchanga uliolala chini ya mkeka huusaga ukindu kila mtu akaapo, na huikwaruza saruji. Taka zizolewe mara moja, zisiachwe nyuma ya mlango zikingoja mtu mwingine. Kazi hii ifanywe baada ya Alfajiri na baada ya Alasiri, na kwa chumba cha kadiri haizidi dakika 10. Wako wasemao kwamba kufagia usiku ni kuifukuza baraka. Hayo ni mazoea ya watu, sharia haikulikataza. Ikiwa pamechafuka baada ya Isha na Alfajiri itakukuta hapo, fagia.

Nyumba zenye sakafu ya udongo zina haja zaidi ya ufagio, kwani humo ndimo apendamo funza, ambaye wengine humwita tekenya. Mdudu huyu hakuwa wa bara letu. Aliletwa kwa chombo kilichotoka Brazil kikafika pwani ya Angola mwaka 1872, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amevuka bara zima akafika pwani ya mashariki. Hana mbawa. Alisafiri katika nyayo za wapagazi na wasafiri, na kila walipolala aliacha mayai yake katika mchanga na vumbi la chini. Yaani alivuka Afrika kwa kupita sakafu hata sakafu. Na kila sakafu iliyofagiwa na kunyunyizwa maji ilikuwa ni kizuizi katika njia yake. Viroboto nao huzaliana hivyo hivyo, katika vumbi la nyufa na chini ya mikeka isiyoinuliwa. Na mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo macho hayayaoni, huingia kwa nyayo za viatu. Mtoto atambaaye hupitisha kiganja chake chini, kisha akakitia kinywani. Kwa hiyo ukitaka kujua sakafu yako ni safi kadiri gani, usiulize macho ya mgeni. Mtazame mtoto atambaaye.

Wenye sakafu za udongo bara, ambao huzisiriba kwa samadi ya ng'ombe, wafahamu ya kuwa kwa madhehebu yetu ya Kishafi samadi hiyo ni najisi, ijapokuwa Maliki na Hanbali huiona kuwa ni tohara. Basi mfuasi wa Shafi asisali juu yake pasipo mkeka au msala mkavu.

Jambo la nne ni hilo la najisi, na hapa twaomba mtusikilize kwa makini. Uchafu na najisi si kitu kimoja. Vumbi, mchanga, makombo na mchuzi ni uchafu. Huchukiza, lakini haviharibu sala. Udongo wenyewe ndio tunaotayamamia. Mkojo, kinyesi na damu ni najisi, hata kama jicho halioni kitu baada ya kukauka. Najisi ikipata sakafu, fanya hivi. Kwanza, uondoe mwili wake: mkojo unyonywe kwa tambara kavu, na kinyesi kiokotwe na mahali pake pafutwe mpaka pasibaki rangi wala harufu. Tambara hilo liwekwe mbali na lifuliwe peke yake. Pili, mimina maji safi yapite juu ya mahali pote palipopatwa. Tatu, yakaushe kwa kitambaa kingine kilicho safi. Kwisha.

Siri ya jambo hili ni kwamba maji ndiyo yaijie najisi, isiwe najisi ndiyo inayopelekwa katika maji. Maji machache, nayo ni yale yasiyofika kulateni, yaani kiasi cha lita 200 na zaidi kidogo, yakiingiwa na najisi hunajisika mara moja, hata kama rangi yake haikugeuka. Na ndoo ya kupigia deki ni ya lita 10 au 20. Hapo ndipo alipokosea kijana wetu: kila alipochovya tambara aliitia najisi ndooni, na kila alipopangusa aliitoa ndooni akaieneza. Ama mtoto wa kiume asiyetimiza miaka miwili, naye hajala kitu kwa kujilisha ila maziwa, mkojo wake umefanyiwa wepesi: mahali pake hunyunyizwa maji yakapaenea, ikatosha. Mtoto wa kike, na wa kiume aliyekwisha anza kula kama mjukuu wetu, mkojo wao huoshwa kama tulivyoeleza.

Wala msimpigie mtoto kelele. Yule bedui aliyekojoa ndani ya msikiti wa Mtume (S.A.W.) alikuwa mtu mzima, na watu walitaka kumrukia, Mtume akawazuia, akamwacha amalize, kisha akaamuru pamwagiwe ndoo ya maji, na yule bedui akafundishwa kwa upole. Ikiwa mtu mzima alitendewa hivyo msikitini, itakuwaje kwa kitoto cha mwaka mmoja ukumbini?

Tena twamwonya yule aliyetekwa na wasiwasi, aoshaye sakafu mara tano kwa siku, na akiona tone la maji asilolijua asali huku moyo wake unatetemeka. Asili ya kitu ni tohara mpaka uwe na yakini ya najisi. Kumwaga maji kwa dhana tu ni israfu, na kuwachosha watu wa nyumba ni dhuluma. Usafi tunaoutaka ni ule wa kuituliza nyumba.

Jambo la tano ndilo lililotufanya tuandike. Ni nani afagie?

Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake. Akajibu ya kuwa alikuwa katika kazi za kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukiingia hutoka akaenda kusali. Hadithi hii ni ya Bukhari. Na katika Bukhari na Muslim mna habari ya mtu aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina, na mapokezi mengi yasema alikuwa mwanamke. Alipokufa, watu walimzika pasipo kumpa habari Mtume (S.A.W.), kana kwamba jambo lake lilikuwa dogo. Mtume akamkosa, akamwulizia. Alipoambiwa, akataka aonyeshwe kaburi lake, akamsalia hapo. Tufikiri, ndugu zangu. Mwenye kushika ufagio hakuwa mdogo machoni pa mbora wa viumbe. Amekuwaje mdogo machoni petu?

Baada ya majuma yale matatu ahali yetu aliinuka, Alhamdulillahi, akautafuta ufagio wake. Tulimwambia ya kwamba umekwisha gawanywa. Kijana mkubwa ana mlango na majamvi baada ya Alfajiri. Mdogo wake wa kiume hufagia baada ya Alasiri, kabla hajakwenda kucheza mpira, wala si baada. Binti hufagia asubuhi pamoja na mama yake, na supra ya mchana ni yake. Supra ya asubuhi ni ya mama, na supra ya usiku ni yetu sisi tunaoandika maneno haya. Kazi za mtu mmoja zimekuwa za watu watano, na hapana aliyeumia.

Siku moja mgeni alitukuta tumeshika ufagio ukumbini. Akastaajabu, akasema: "Ala! Mwalimu, wafagia mwenyewe? Wenye nyumba wamekwenda wapi?"

Tukamjibu: "Wapo, wamepumzika. Karibu, vua viatu."

Akacheka, nasi tukacheka. Lakini aliporudi juma la pili alituambia kwa siri, ya kuwa alikwenda kwake akahesabu kazi za mkewe, akafika 40 akaona haya kuendelea.

Enyi vijana wa kiume, maneno haya ni yenu kuliko ya dada zenu, kwani wao wamekwisha zijua kazi hizi tangu wangali wadogo. Kijana anayeijua vema tajwidi, naye akaruka punje za wali kama aruka mtaro akimngoja mama yake aje kuziokota, elimu yake imeishia kooni. Na ninyi akina mama, msiwaambie watoto wenu wa kiume kwamba ufagio si kazi ya mwanamume. Hao ndio waume wa binti za wenzenu kesho.

Ombi letu ni dogo. Ijumaa hii baada ya sala, kaeni kitako watu wa nyumba nzima, mzihesabu kazi za sakafu yenu kama tulivyozihesabu sisi, na kila mwenye mikono achukue moja, aishike mpaka Alhamisi. Alhamisi ikija mtaikuta sakafu haina mengi ya kudai, na mama wa nyumba atapata nafasi ya kukaa na msahafu wake kabla ya Magharibi, jambo ambalo labda hakulipata kwa muda mrefu.

Mwenyezi Mungu azitwaharishe nyumba zetu na nyoyo zetu, na awalipe mema wale waliotufagilia mahali pa kusujudia nasi hatukuwaona. Amin.

Wabillahi tawfiq.